Kigingi Kilichokaa Upande

Kila mwaka baridi ikianza kulegea, watu wa huku humwaga vibanzi vya miti iliyosagwa chini ya kila mti, mbele ya kila ofisi na kila duka, na mji mzima hunuka. Wenzangu kazini husema hiyo ndiyo harufu ya majira ya kuchipua, na huvuta pumzi kwa raha kabisa. Mimi hupandisha vioo vya gari. Ni harufu tamu iliyooza kidogo, ya mbao zilizonyeshewa zikakauka zikanyeshewa tena, na ikinifika puani narudi kuwa mtoto wa miaka tisa, nimesimama kwenye njia nyembamba kati ya mashamba mawili madogo huko Adelphi, Maryland, nimeshika jembe ambalo sitaki kulishika. Wanaopenda maua ya Machi wanisamehe. Mimi Machi siipendi.

Tulikaa fleti ya ghorofa ya pili, karibu na University Boulevard. Baba aliendesha basi dogo la kupeleka abiria uwanja wa ndege, na Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, akiwaogesha, akiwalisha na kuwageuza kitandani. Mwendo mfupi kutoka kwetu palikuwa na bustani ya mtaa. Kaunti ilikuwa imeikata ardhi vipande, na kila mtu alipewa kipande kimoja alime kuanzia Machi hadi baridi irudi. Foleni ya kukipata ilikuwa ndefu, na Baba alisubiri zamu yake mpaka sisi tukasahau kwamba anasubiri. Siku alipopigiwa simu kwamba kimepatikana, alivaa suti. Nasema kweli, alivaa suti na tai kwenda kuangalia udongo mtupu usiozidi ukubwa wa sebule mbili. Wengine wote waliita ploti. Baba aliita shamba, na aliyethubutu kumcheka kwa hilo alikuwa Mama peke yake.

Jembe lilitoka nyumbani. Shangazi yangu, dada mkubwa wa Baba aliyekaa Manassas, ng'ambo ya mto, alikwenda Kenya likizo akarudi na kichwa cha jembe ndani ya sanduku, kimefungwa kwa leso. Baba alikitilia mpini aliouchonga kutoka kwa sepetu iliyovunjika, akiukwangua kwa kisu na kipande cha chupa huku akinung'unika kwamba miti ya Marekani ni laini kama watu wake. Udongo wa pale ni mfinyanzi mwekundu. Ukikauka ni tofali, ukilowa unang'ang'ania viatu mpaka unatembea pekupeku bila kupenda. Majirani walilima wakiwa wamesimama wima, kwa uma zao za chuma, na Baba alipoinama na jembe lake walikuja kumtazama. Alifurahi kutazamwa. Alikuwa mtu wa maringo kidogo, Baba, na maringo yalimpendeza.

Sasa niseme kuhusu jina langu, maana bila hilo hamtaelewa. Nilipewa jina la mama yake Baba, Akoth, aliyefariki kabla sijazaliwa. Kwetu ukipewa jina la mtu, unakuwa yule mtu, kwa mzaha na kwa kweli pia. Kwa hiyo Baba na Shangazi hawakuniita Akoth. Waliniita Minwa, yaani mama yetu. Shangazi alikuwa mkali, hata mchungaji alimwogopa, lakini akija kwetu alinisalimia kwa mikono miwili na kuniletea sukari na majani ya chai, zawadi za mtu anayemtembelea mamake. Mimi ningependelea peremende. Kama watoto wengi wa huko nilielewa Kiswahili lakini nilijibu kwa Kiingereza, na nikisema, "Thank you, Auntie," alinikata hapo hapo.

"Mama yangu haniiti Auntie," alisema, na hakuwa akicheka.

Mwaka mmoja kabla ya mambo haya, Baba alikuwa akifanya zamu mbili kwa siku. Machi ikaingia, ikakaribia kwisha, na shamba halijaguswa. Mama akachoka kungoja. Alichukua jembe siku yake ya mapumziko akalifungua shamba peke yake, akapanda. Kwetu hilo si jambo dogo. Shamba hufunguliwa kwa utaratibu: wazazi kwanza, halafu mwana mwenye boma, halafu wengine nyuma yake. Anayemruka mwenzake anaita chira, laana inayomkausha mtu mpaka anabaki ngozi. Mama alikulia mjini, tena alikuwa mtu wa kanisa, na mambo hayo aliyaita takataka za wazee. Alipanda sukuma wiki, kunde na managu, na tukala mpaka Oktoba tukachoka. Oktoba hiyo hiyo Baba akaanza kukonda.

Alianza kwa kukaza mshipi. Halafu akatoboa mshipi tundu jipya kwa msumari, akatania kwamba hatimaye amepata umbo la ujana wake. Halafu macho yakawa ya manjano na utani ukaisha. Madaktari walisema ni saratani ya ini, na kwamba tulikuwa tumechelewa. Mimi niliambiwa Baba ana homa ya tumbo. Watu wazima wa kwetu hawamwambii mtoto ukweli, wanamwacha aupate mwenyewe kwa vipande, na vipande nilivipata jikoni kwetu, kutoka kwa Shangazi, siku aliyokuja akamkuta Mama akiosha vikombe. Nilikuwa sakafuni nyuma ya kaunta na kazi yangu ya shule.

"Mama Akoth, mimi sikulaumu," Shangazi alisema, kwa sauti ya mtu anayelaumu. "Nauliza tu. Last year, hilo shamba lilifunguliwa na nani?"

"Ile ni ploti ya kaunti," Mama akasema. "Mwenye boma ni kaunti."

"Lilifunguliwa na nani?"

Mama alifunga bomba. "Mimi."

"Basi."

"Basi nini? Nimempeleka kwa specialist watatu. Wote wamesema ni ini. Hakuna aliyesema jembe."

"Hao wanajua ini. Mimi najua kwetu. Mwaka huu mtu mwingine asilifungue, unanisikia? Lazima yeye mwenyewe. Shamba halifunguliwi kabla yake. Akiligusa yeye, mambo yatanyooka."

Mama alichukua kitambaa. Alikausha kikombe kilichokuwa kimekauka tayari. Nilidhani hajali, kwa sababu baada ya Shangazi kuondoka aliwasha redio. Sasa najua alijali mno. Neno lile halikukaa jikoni kwetu. Lilikwenda Manassas, likavuka bahari kwa kadi za simu, likarudi kupitia kanisani, na akina mama waliokuwa wakimngoja Mama mlangoni baada ya ibada wakaanza kuwa na haraka. Mama akahamia benchi la nyuma. Mke aliyemruka mume wake shambani, ndivyo alivyokuwa sasa, na mume mwenyewe anaonekana anavyokauka.

Mimi nilichukua maneno ya Shangazi nikayapigia hesabu yangu. Shamba haliwezi kufunguliwa kabla ya Baba. Lazima yeye. Kwa hiyo likiwa bado halijafunguliwa, Baba anahitajika, na mtu anayehitajika haendi popote. Shuleni hatukuruhusiwa kutoka darasani kabla ya kumaliza kazi ya ubaoni, na niliona hii ni sheria ile ile. Watu wazima walitumaini akilifungua atapona. Mimi niliyeona rangi ya macho yake kila asubuhi sikutumaini hivyo. Niliona akilifungua atakuwa amemaliza kazi, na atatoka.

Baridi yote ile nilikuwa na amani, hilo ni jambo la ajabu kulikumbuka. Mama alikonda pamoja na Baba. Aliwageuza wazee wa watu mchana kutwa, akarudi akamgeuza mume wake kwenye kochi la sebuleni, kwa kumvuta na shuka aliyoikunja chini yake, kwa ufundi ule ule, bila kumuumiza. Nyumba ilinuka mafuta ya kujipaka, uji uliopoa, na kitu kingine kitamu ambacho sikukipenda. Tumbo la Baba lilivimba na miguu yake ikawa vijiti. Lakini kila tulipopita karibu na bustani nilichungulia dirishani nikaona udongo umeganda, mweupe kwa barafu, na mabua ya sukuma ya mwaka uliopita yamelala chini, nikajua bado yupo.

Ndipo Machi ikaja na Miss Lorraine. Huyo alikuwa msimamizi wa bustani, mwalimu mstaafu, mama mweusi wa hapa hapa Maryland, aliyevaa buti za mpira za rangi ya waridi. Alitukuta dukani akamwambia Mama, kwa upole na kwa aibu, kwamba sheria ni ile ile kila mwaka: ploti ambayo haijachimbwa kufikia Jumamosi ya mwisho ya Machi inapewa mtu mwingine kwenye foleni. Alimpenda Baba. Alisema angeweza kuja kutuchimbia yeye mwenyewe. Mama alimshukuru akakataa, na Miss Lorraine akaona kiburi mahali ambapo hapakuwa na kiburi. Mama angemwelezaje mwanamke yule kwamba akichimba yeye, litahesabiwa kosa la pili?

Nilibakiwa na theluji tu, kwa kuwa udongo ulioganda hauchimbiki. Shuleni kila mtoto alijua jinsi ya kuita theluji ili shule ifungwe: unavaa pijama ndani nje, unalala na kijiko chini ya mto. Nilifanya hivyo kila siku. Mama alipokuta kijiko kitandani kwangu alidhani nimekula sukari. Na theluji ikaanguka kweli, mwishoni mwa Machi, wakati miti ya cheri ilikuwa imeshafungua maua, theluji nzito iliyolowa, na barabara ya Beltway ikasimama. Miss Lorraine alipiga simu akasema wote wameongezewa juma moja. Nilicheza kwenye theluji siku hiyo mpaka vidole vikafa ganzi. Sijawahi tena kuwa na furaha ya namna ile, ya mtu aliyefanya kazi na kazi ikafanyika.

Ilikuwa katika juma hilo nililoliomba mimi ndipo Baba aliposema anataka kwenda shambani. Nilikuwa nikimlisha uji, kijiko kwa kijiko. Nilimwambia asiende. Aliniuliza kwa nini, nikamwambia, kwa Kiingereza changu, kwamba likibaki halijafunguliwa hawezi kuondoka.

Alikisukuma kijiko kando.

"Nani amekuambia hivyo?"

"Auntie."

"Shangazi alisema hivyo?"

Nilimwambia kwamba Shangazi alisema haliwezi kufunguliwa bila yeye, na mengine nimehesabu mwenyewe. Baba alicheka. Kicheko kiligeuka kikohozi na ikabidi nimshikilie beseni. Alipotulia alifuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Hesabu yako ni nzuri, Minwa," alisema. "Ningekuwa mwalimu wako ningekupa alama zote."

Hakusema kwamba si kweli. Nilingoja aseme, na alifungua mdomo ameze uji.

Jumamosi ile Shangazi alivuka mto kutoka Manassas asubuhi, amevaa gauni la kanisani ndani ya koti. Mama hakutaka. Walibishana kwa sauti za chini jikoni, Mama akisema huwezi kumtoa mgonjwa wa hali ile kwenye baridi, Shangazi akisema huwezi kumnyima. Baba aliwasikia akagonga ukuta.

"Nivalisheni," alisema.

Tulimvalisha koti la kazini, kofia ya sufu, na soksi mbili mbili. Kiti cha magurudumu kilitoka kanisani, kwa wale wale waliokuwa na haraka. Pale bustanini theluji ilikuwa imeyeyuka yote na kuacha matope. Njia zote kati ya ploti zilikuwa zimemwagiwa vibanzi vipya vya miti, vinafuka mvuke kwa baridi, vinanuka, na magurudumu yalizama ndani yake hivi kwamba Mama na Shangazi walilazimika kukiinua kiti huku na huku na kukibeba na mtu wake. Hakuwa mzito. Miss Lorraine alituona kwa mbali akavua kofia, halafu akajitia shughuli na bomba lake la maji.

Miss Lorraine alikuwa ameshapima ploti zote, kama kila mwaka, kwa sababu barafu hunyanyua vigingi na majirani husogeza mipaka wakidhani haionekani. Kila ploti ilikuwa na vigingi vinne vya mbao na kamba nyeupe iliyozungushwa. Tulimweka Baba kwenye pembe, karibu na kigingi. Mama akamwekea jembe mapajani.

Alijaribu kusimama. Sitaki kuieleza sehemu hii kwa urefu. Alijaribu, Mama akamshika kwapa, miguu ikakataa, akarudi kukaa. Alijaribu kulisukuma jembe akiwa amekaa, likaanguka kutoka mikononi mwake na kutua juu ya vibanzi. Jasho lilikuwa likimtoka katika baridi ile.

"Yatosha," Mama akasema. "Turudi nyumbani. Waichukue hiyo ploti."

"Aliguse tu," Shangazi akasema, na sauti yake kali ilikuwa imeisha. "Ndugu yangu, hata kugusa tu. Tutakushikia mkono."

Mama aligeuka upande. Nilimwona akilia bila kutoa sauti, akiwa amejiziba mdomo na glavu. Akishikiwa mkono itakuwa nani amefungua? Watu wangeuliza. Wangemuuliza Mama miaka yote aliyobakiza duniani.

Baba naye alimwona. Alivuta pumzi mara kadhaa, ndipo akamgeukia Shangazi, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi nikamwona yule mtu wa maringo.

"Dada, nikumbushe. Kabla ya mwana, nani hufungua shamba?"

"Wazazi," Shangazi akasema.

"Na mama yetu yuko wapi?"

Shangazi aliniangalia, halafu akamwangalia yeye. "Usifanye mzaha na mambo haya."

"Mzaha gani? Ni wewe unayemletea sukari. Ni wewe unayemsalimia kwa mikono miwili. Ama ulikuwa ukituchezea miaka yote?"

Shangazi alifunga kifungo cha koti lake. Alikuwa amenaswa na heshima yake mwenyewe, na alijua.

"Minwa," Baba akaniambia. "Okota jembe. Tufungulie shamba."

Nilisema, "I don't want to." Nilisema tena na tena. Mama alidhani naogopa uzito wa jembe akaniambia si lazima, lakini Baba hakuondoa macho kwangu. Alijua hesabu yangu. Ni yeye peke yake aliyeijua, na bado aliniambia nifanye. Nimemkasirikia kwa hilo kwa miaka mingi kuliko niliyokaa naye.

"Nisaidie," alisema. Mtu mzima kumwomba mtoto hivyo, mtoto hana pa kwenda.

Nililiokota. Nikaangalia kamba nyeupe. Upande wa ndani ulikuwa shamba, upande wa nje ulikuwa njia, na akili yangu ilifanya kazi haraka. Niliinua jembe kadiri nilivyoweza nikalipiga chini nje ya kamba, kitu cha shubiri moja nje, pale karibu na kigingi. Lilipita kwenye vibanzi likaingia kwenye udongo mwekundu na kubaki limesimama. Shangazi akasema, "Asante, Mama," na kujifuta macho. Mama naye hakuangalia kamba. Waliona jembe limeingia ardhini, na hilo liliwatosha. Nilikuwa nimeshinda. Nililipiga jembe, na shamba lilikuwa bado limefungwa.

Halafu nikaona kwamba Baba ameona.

"Nishusheni," alisema.

Mama alidhani anataka kushika udongo. Alimshusha kwa namna aliyoijua yeye, goti moja kisha la pili, akimkumbatia kwa nyuma. Baba aliinama kwenye kona. Alikishika kigingi kwa mikono miwili, akakitikisa na kukitikisa, huku pumzi ikimkwaruza kifuani, mpaka kikatoka na kamba yake. Akakisogeza nje. Akakichomeka upya kwenye njia, ng'ambo ya pale nilipopiga, akakilalia na uzito wote aliobakiwa nao mpaka kikaingia kikakaa, kimeinama upande kidogo. Kamba ikapita nje ya jembe.

Alikuwa karibu nami kiasi cha kunusa pumzi yake. Aliongea polepole, ili Mama na Shangazi wasisikie.

"Umeona nani amekisogeza? Ni mimi, Minwa. Si wewe."

Walimnyanyua. Mama na Shangazi walilima pamoja asubuhi ile, wakipokezana jembe, mpaka kipande chote kikawa chekundu na kibichi, na Baba akakaa kwenye kiti na blanketi akitazama. Alikuwa na matope mpaka viwikoni. Alikataa kufutwa.

Alifariki juma lililofuata, asubuhi, Mama akiwa jikoni anapasha uji. Nilikuwa darasani. Jina langu lilipotajwa kwenye kipaza sauti niende ofisini, niliinuka na mkoba wangu kabisa, kwa sababu nilijua sitarudi siku hiyo. Sikulia. Nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimempa njia ya kubaki, na yeye akaing'oa mbele yangu kwa mikono yake miwili.

Mwili ulipelekwa nyumbani, kama kawaida ya watu wetu. Sisi hatukwenda. Karatasi zetu zilikuwa bado kwa watu wa uhamiaji, na tungetoka tusingeweza kurudi. Shangazi ndiye aliyekwenda naye. Mchana wa kule ni asubuhi ya huku, na siku ya mazishi Mama hakutaka kukaa ndani kupokea wageni. Alinivalisha koti akanipeleka shambani. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Alikuwa na mkebe wa mbegu za managu na kunde, lakini hakuufungua. Tulisimama tu kwenye kona, karibu na kigingi kilichoinama, mpaka simu ikalia mfukoni mwake.

Aliiweka kwa sauti ya juu ili nami nisikie. Nyuma ya sauti ya Shangazi palikuwa na watu wengi, na ng'ombe mmoja.

"Mama Akoth, tumemlaza," Shangazi alisema. "Sasa wazee wako hapa. Wanauliza shamba la huko America, mwaka huu, lilifunguliwa na nani."

Mama alifumba macho. "Waambie lilifunguliwa na mama yake. Wewe ulikuwepo."

Nilimsikia yule ng'ombe tena.

"Nilikuwepo," Shangazi akasema. "Nitawaambia nilikuwepo, na nililiona kwa macho yangu." Halafu akasema, polepole, kwa sauti aliyokuwa akiniwekea mimi, "Panda, mke wa ndugu yangu. Panda tu."

Mama akafungua mkebe. Tulipanda tukiwa tumelowa, na kilichoota mwaka ule kilitushinda kula. Kanisani alirudi benchi lake la zamani, na hakuna aliyemuuliza tena chochote.

Nimekuwa mtu mzima ndipo nimeelewa, na sikuelewa siku moja. Alikuwa na nguvu za kufanya jambo moja la mwisho, na alikuwa na watu wawili wa kuwaokoa. Mama alihitaji shamba lifunguliwe na mtu ambaye hakuna ulimi wa kumlaumu. Mimi nilihitaji nisiwe niliyelifungua. Yale maneno aliyoninong'oneza, ambayo niliyachukia utoto wangu wote, nilikuwa nimeyasikia kama ya mtu anayejisifu kwamba ameshinda.

Mama bado analima pale. Miss Lorraine alishafariki, na mwaka huu msimamizi mpya, kijana mwenye futi ya kupimia, alikuja kuuliza kwa nini kona ile inaingia kwenye njia. Alitaka kuinyoosha. Mama alisimama mbele ya kigingi, na jembe mkononi, mwanamke wa miaka sitini na kitu, na kijana akaona afadhali apime kwingine. Vigingi vyenyewe vimeshabadilishwa mara nyingi kwa kuoza, lakini kila kipya Mama hukichomeka kwenye tundu lile lile, kimeinama vile vile.

"Baba yako alikuwa amechoka sana siku ile," aliniambia. "Mkono uliteleza. Lakini ndipo alipokiweka, na ndipo kitakapokaa."

Sikumwambia. Nilipiga magoti kwenye vibanzi vile vinavyonuka nikazungusha kamba, nje ya pale nilipopiga, nikaikaza. Mkono wa Baba haukuteleza.